Hema Katikati ya Uwanja

Ujumbe ulinikuta ndani ya ukumbi mmoja wa Bungoma, nikiwa juu ya ngazi, nafunga kitambaa cha zambarau kwenye nguzo kwa ajili ya harusi ya kesho yake. Ulitoka kwa mtu tuliyesoma naye. Ulisema Nekesa ametutoka, homa ya uti wa mgongo, siku tano tu, mazishi ni Jumamosi ijayo kwao Kabuchai. Nikashuka, nikaketi kwenye kidato cha chini, nikausoma tena. Halafu nikapanda nikamaliza kufunga kile kitambaa, maana nusu yake ilikuwa tayari na nusu nyingine ingening'inia. Najua jambo hilo halinipi sifa. Nalitaja kwa sababu wiki nzima iliyofuata nilikuwa hivyo hivyo: nikifikiria nivae nini, nikae upande gani, nani atanitambua, nikikaribishwa niseme nini na nisipokaribishwa nifanye nini. Jumamosi ilipofika nilikuwa nimefikiria kila kitu na sikwenda. Nina miaka ishirini na saba na nina shahada ya kupanga mikusanyiko ya watu, na mazishi ya rafiki yangu yalinishinda kuhudhuria.

Habari za kwetu nitaziacha. Wazazi wangu hawana kosa katika haya na hawapendi kuandikwa. Mwaka ninaoutaka ni 2004, mwaka wa tatu wa masomo yangu Kitale. Chuo chetu kilikuwa tawi dogo, vyumba sita katika orofa ya pili juu ya duka la pembejeo, kwa hiyo tulijifunza rangi na mwanga huku tukinusa mbolea na dawa ya kupe. Kozi iliitwa Ubunifu wa Sherehe na Matamasha. Tulikuwa wachache, na tulichekwa. Mwenye duka la chini, kila tulipopanda ngazi na karatasi zetu kubwa, alituuliza, "Ati serikali inawafundisha kupanga viti? Chuo kikuu? Mimi nina viti hapa, kujeni mpange." Tulimcheka pia, lakini mimi nilikuwa napanda ngazi zote nikitafuta jibu ambalo ningempa, na nikilipata nilikuwa nimeshaketi darasani.

Aliyetufundisha ni Madam Jerotich, mwanamke mrefu aliyevaa raba siku zote kwa sababu, alisema, mtu wa kazi hii hafanyi kazi kwa miguu ya mtu mwingine. Hakuanza na maua wala mapambo. Alianza na mishale. Alichora uwanja ubaoni, akaweka mlango, kisha akatuuliza mtu akiingia atageukia wapi, chakula kitapita wapi, mzee mwenye mkongojo atatokea wapi. "Mkusanyiko ni njia kabla ya kuwa mahali," alipenda kusema, na sisi tuliandika. Niliipenda mishale ile. Kwangu, mtu ambaye hata kununua nyanya hupanga kwanza maneno, ilikuwa faraja kubwa kuona kwamba fujo ya watu mia tano inaweza kulala kwenye karatasi ikatulia.

Nekesa hakuchora. Mchoro wake wa kwanza ulikuwa na hema lililokuwa kubwa kuliko uwanja. Lakini tukitumwa nje kwa kazi ya vitendo, kufikia saa nne alikuwa anajua majina ya wapishi wote, anajua nani amegombana na nani, na nani ana ufunguo wa stoo. Tukakubaliana mapema. "Zuhula," alinambia, maana jina langu la Zuhura lilikuwa halifiki mdomoni mwake bila kugeuka hivyo, "wewe chora, mimi nitaongea na watu." Darasa zima lilijua. Kazi zetu zilikuwa na majina mawili na mkono mmoja.

Tulikaa chumba kimoja cha mabati nyuma ya msikiti. Nilikichagua mimi kwa ajili ya adhana, naye akakubali kwa ajili ya mama aliyekaanga viazi mlangoni. Kulikuwa na vitanda viwili, meza moja, jiko la mafuta ya taa lililotoa moshi ukilisogeza, na ukuta wa mbao mwembamba kiasi cha kwamba maisha ya majirani yalikuwa kama redio isiyozimwa. Upande wa pili alikaa Mama Salama na mumewe, fundi wa baiskeli. Jioni tulipokuwa tunapika ugali na mrenda, tuliwasikia.

"Umekula nyama yote?"

"Nilionja."

"Umeonja kilo nzima? Ulimi wako ni mizani?"

Nekesa alikuwa anajifunika uso kwa kanga asicheke kwa sauti, na mimi nilikuwa nahofia kwamba kama sisi tunawasikia basi wao wanatusikia, na nikaanza kukumbuka yote niliyowahi kusema chumbani mle. "Si wasikie tu," alisema. "Wewe unaongea nini cha kusikiwa? Unaongea na mwiko." Alikula kwa mkono mpana, akamega ugali mkubwa, akanisogezea mboga upande wangu bila kutazama. Hadi leo nikipika mrenda hugawanya sufuria katikati kwa mwiko, kisha nakumbuka kwamba nakula peke yangu.

Wakati wa likizo ya Aprili alinichukua kwao Kabuchai. Nilimwona baba yake mara hiyo moja tu. Mzee Makokha alikuwa mwalimu mstaafu, mfupi, mwenye sauti ya chini, na alikaa sebuleni kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa cha kufuma. Tulikula kuku na ugali wa wimbi, na kila nilipoacha kula aliuliza kama kuku ana kosa. Kisha akaniuliza tunasoma nini huko juu ya duka la mbolea. Nikamweleza: harusi, maonyesho ya kilimo, matamasha ya shule, mikutano.

"Na matanga?"

"Hapana, mzee. Matanga hayamo."

Alicheka hadi akakohoa. "Basi walimu wenu hawajatembea. Huku kwetu watu hawakusanyiki kwa harusi kama wanavyokusanyika kwa maiti." Nekesa akamwambia aache kuongea vifo mbele ya chakula. Akasema, "Mimi naongea kazi. Huyu msichana amekuja kutafuta kazi." Njiani kurudi niliwaza kama nilimjibu kwa adabu. Nekesa akaniambia kwamba baba yake amenipenda, kwa sababu asiyempenda humsifia tu.

Mzee Makokha alifariki mwezi wa saba, akiwa amelala. Nekesa aliitwa kwa simu ya duka la chini, na mwenye duka, yule wa viti, alipanda ngazi mwenyewe kumwita na hakutania. Aliporudi chumbani hakulia mara moja. Alikunja nguo mbili, akazikunjua, akazikunja tena. Kisha akasema, "Zuhula, utanipangia? Nyumbani wote watakuwa wanalia na wengine watakuwa wanabishana. Wewe panga. Mimi nitaongea na watu."

Akanieleza jambo lililokuwa moyoni mwake. Baba yake alikuwa mzee mwenye wajukuu, na mtu wa namna hiyo kwa Wabukusu hazikwi tu ikaisha. Siku ya tatu, ukihesabu ile ya mazishi, asubuhi, huja mzee aliyepewa kazi hiyo katika ukoo wake, akawasemea waliofiwa. Hutaja ukoo wa marehemu tangu mwanzo, huonya, hufariji, huwaambia watu waishi vipi baada ya hapo. Usemi huo huitwa kumuse. Wanaoweza kuusema wamebaki wachache na hawaitwi ovyo. Baba yake mdogo, Wafula, alikuwa amekwenda mbali kumwomba mmoja, na amekubali. "Baba akisemewa," Nekesa alisema, "nyumba itapoa. Mama atalala. Nataka tu hiyo siku ya tatu iende vizuri, hata Jumamosi ya mazishi ikiharibika." Nilimwahidi. Alinieleza kuhusu mzee na maneno yake. Hakunieleza kuhusu njia, na kwa miaka mitano nimelielewa vizuri jambo hilo: mtu haambiwi kwamba nyumba ina mlango.

Mimi ni Mwislamu wa mjini. Kwetu maiti huzikwa upesi, watu husimama safu zilizonyooka zikielekea upande mmoja, bega kwa bega, na heshima ndiyo hiyo. Nilipowaza heshima niliwaza safu. Ndiyo sababu ninayoweza kuitoa, na nimeitoa kwangu mwenyewe mara nyingi, na haijawahi kunitosha.

Jumamosi haikuharibika. Nilikuwa na faili la kijani lenye michoro sita na nilizunguka nalo kama daktari. Magari yaliingilia kwenye shamba la jirani, wageni wa mbali wakaketi karibu na kivuli, mistari ya chakula ilikuwa mitatu na haikugongana, jeneza likapita bila mtu kusukumwa. Watu walisema. Nilimsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake karibu na masufuria, "Hii matanga imepangwa na nani? Hata nimekula chakula ikiwa moto." Na mwenzake, "Ni watoto wa chuo. Mmoja ni wetu, yule mwingine ni wa msikitini." Nilisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyohitaji. Siwezi kusema uongo: katika mazishi ya baba wa rafiki yangu nilifurahi.

Jumapili mvua ilinyesha mchana kutwa. Nikaogopa Jumatatu. Nilikaa jikoni na mchoro mpya magotini, akina mama wakichambua maharagwe, na nikawaza kwamba watu watakuwa wachache kuliko Jumamosi, wazee watakuwa wengi, na mzee wa kusema hafai kulowa. Jumamosi mahema yalikuwa pembeni, uwanja wazi. Nikayahamishia katikati, nikayaunganisha matatu yawe moja. Chini yake nikachora viti safu kumi na mbili zikielekea mbele, mbele jukwaa dogo la mbao, juu yake kiti kikubwa kutoka sebuleni, meza ya maua na kipaza sauti. Pembeni kamba, ili watu wasipitepite. Ulikuwa mchoro mzuri. Ulikuwa mzuri kuliko yote niliyowahi kuchora.

Nilimwonyesha Nekesa. Alikuwa hajalala siku tano. Aliutazama, karatasi ikiwa imepinda mkononi mwangu, akasema, "Si iko sawa," akarudisha macho kwenye maharagwe. Hapo nimejaribu sana kuigawa lawama. Najiambia aliuona. Kisha nayakumbuka macho yake, na najua alikuwa haoni kitu.

Jumatatu wafanyakazi wa mahema walimaliza kabla jua halijatoka vizuri. Wazee walikuwa ndani ya nyumba na Wafula, wakisubiri. Watu wa kijiji walianza kuingia na nikawa nawaelekeza kwenye viti. Bibi mmoja alisimama kwenye kamba, akalitazama hema kutoka mwisho hadi mwisho, akaniambia maneno kwa Kibukusu, polepole, kama anayemweleza mtoto. Sikuelewa. Nikatabasamu, nikamshika mkono, nikampeleka kwenye kiti kilichokuwa na kivuli zaidi. Aliketi. Aliendelea kunitazama.

Kisha watu wakanyamaza wote pamoja, bila kuambiwa, na nikamwona mzee akiingia langoni. Alivaa vazi la ngozi begani, na alikuwa na fimbo ndefu. Hakuwa anatembea kama mgeni anayetafuta mwenyeji. Alikuwa ameshaanza kazi yake, na kazi yake ilikuwa kutembea. Baadaye nilielezwa na kila mtu, hata na watu ambao sikuwauliza: mzee huyo haketi, hasimami mahali pamoja, hana haja ya kipaza sauti. Watu huketi pande mbili na katikati huachwa njia ndefu, chini ya mbingu, naye huenda na kurudi humo akisema, na hakuna anayenong'ona, na hakuna, hata iweje, anayekatiza mbele yake. Katikati pale, mahali pa njia, palikuwa na hema langu, na kiti changu, na maua.

Alifika kwenye kamba, akasimama. Alitazama kiti kile kikubwa kwa muda. Aliuliza kitu kimoja kwa sauti ya kawaida, na nilitafsiriwa baadaye: "Napita wapi?"

Wafula alikuwa ametoka nyumbani, akashika kichwa. Mtu fulani akawaashiria wafanyakazi wa mahema waondoe, haraka, na wao walikuwa watu wa Kitale kama mimi, hawakujua. Wakaanza kung'oa vigingi, watu wakainuka na viti, na mmoja wao akapita na nguzo begani mbele ya mzee, hatua mbili kutoka kwa fimbo yake. Sauti iliyotoka kwa watu wale haikuwa kilio wala kelele. Ilikuwa pumzi tu, ya watu wote. Mzee aliinamisha fimbo. Hakukasirika, ningependa angekasirika. Aliwatazama waliofiwa kwa huruma, akageuka, akatoka langoni kwa mwendo ule ule aliokuja nao. Mama yake Nekesa aliketi chini kwenye nyasi zilizolowa.

"Nani amepanga hii maneno?" Wafula aliuliza. Aliuliza kwa Kiswahili, na najua sababu: alikuwa anaamini ni mtu wa mahema. Uwanja mzima ulikuwa unasikiliza. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, faili la kijani kifuani, na juu yake jina langu kwa herufi kubwa.

Nitaandika nilichowaza, kwa sababu kilichukua muda mfupi na kimechukua maisha yangu. Niliwaza nianze na salamu au nianze na samahani. Niliwaza kama inafaa mgeni kusema mbele ya wazee wakiwa na hasira, tena msichana, tena asiye wa dini yao. Niliwaza kwamba nikisema "ni mimi" itaonekana najitapa na nikisema "nilikosea" itaonekana najitetea. Nilikuwa bado natafuta neno la kwanza Nekesa aliposema, "Ni mimi, baba." Ndugu wa baba ni baba kwao.

"Wewe?"

"Ni mimi."

"Wewe, Nekesa, umefungia baba yako njia?"

"Ni mimi, baba. Nilikosea."

Ni maneno manne au matano tu. Yalikuwa hapo muda wote, rahisi, na yeye aliyapata bila kuyatafuta.

Mzee hakurudi. Waliomfuata walirudi na jibu kwamba njia iliyokatwa haiungwi. Mchana nilimkuta Nekesa nyuma ya jiko, akiosha masufuria yasiyo na uchafu. Nikamuuliza kwa nini. "Wewe ni mgeni," alisema. "Kwetu mgeni haaibishwi." Akasuuza sufuria, akalifunika. "Utasema mwenyewe, Zuhula. Ukiwa tayali. Ukisema wewe, wataelewa, kwa sababu hukujua. Mimi nilikuwa najua, ndiyo maana kosa langu linauma." Nikamwambia nitasema jioni. Jioni wazee walikuwa wanakula. Asubuhi Wafula alikuwa amekwenda mjini. Nilirudi Kitale na maneno yangu mdomoni.

Wafula ndiye aliyekuwa anamsomesha. Mwezi wa nane ulipokwisha Nekesa alirudi chumbani, lakini hakuja kusoma. Alikuja kuchukua vitu vyake. Alisema wazee wamekaa, na baba yake mdogo amesema elimu inayomfundisha mtu kumfungia baba yake njia hana haja nayo, abaki nyumbani na mama yake, ambaye tangu siku ile halali vizuri. Hakulalamika. Alifunga godoro kwa kamba, mimi nikamshikia ncha. Upande wa pili Mama Salama alikuwa anamwambia mumewe, "Nyamaza kidogo, huyo msichana anahama," na kwa mara ya kwanza ukuta ule ukawa kimya kabisa. Nekesa alisimama mlangoni na mzigo wake. Alisubiri. Nilijua anasubiri nini: barua moja, safari moja ya Kabuchai, sentensi moja mbele ya Wafula, na angerudi darasani Jumatatu.

"Uko na neno?" akaniuliza.

"Safari njema," nikasema.

Nilimwandikia Wafula barua tatu mwaka ule. Ya kwanza ilikuwa ndefu mno, ya pili ilionekana kama inamlaumu Nekesa, ya tatu ilikuwa nzuri, na kwa sababu ilikuwa nzuri niliitilia shaka. Wakati huo huo nilihitaji kazi ya mwisho wa mwaka, na Madam Jerotich, aliyekuwa amesikia kuhusu Jumamosi ile, akaniambia niandike matanga ya Kabuchai. Niliandika. Niliweka michoro sita. Ule wa saba, wa Jumatatu, niliutoa. Madam aliusoma ukurasa kwa ukurasa akiwa amesimama dirishani na raba zake, akasema, "Hapa sioni mahali mtu amekwama." Nilipata alama za juu kuliko wote. Jina lilikuwa moja.

Kabuchai nilikwenda Jumatano, siku nne baada ya mazishi ya Nekesa. Nilikuta wanawake kama kumi wameketi uani wakipukuchua mahindi, na wanaume wachache na chai yao. Mama yake Nekesa alinitambua kabla sijasema jina. Amezeeka sana. Akaniingiza sebuleni, akaniletea chai na viazi vitamu, na akaanza kuniambia habari za mwanawe kama vile nilikuwa nimetoka jana: alikuwa anafundisha watoto wadogo kanisani, walimwita tisha Neke, yaani mwalimu, walimlilia hadi wakapelekwa nyumbani. Alikuwa anaimba akifua. Hakuolewa, waliokuja aliwacheka. "Alikuwa akisikia gari kwa barabara anasema, pengine ni Zuhula. Mimi namwambia, Zuhula ako na kazi mingi mjini."

Nikaweka kikombe chini. Sikuanza na salamu wala samahani. Nikasema, "Mama, lile hema la siku ya tatu nililiweka mimi. Mchoro ulikuwa wangu. Nekesa hakupanga chochote."

"Hiyo unaniambia mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Kwani alimzaa nani? Mimi ndiye nilimzaa. Mtoto wangu hakujua kuchora hata kuku. Nilijua hiyo siku yenyewe. Nikataka kusema, akanikataza. Akasema ni yako, utakuja kuisema." Akainuka kwa shida, akaenda mlangoni. "Wafula! Kuja hapa. Huyu msichana ako na neno. Hapana, usiingie, yeye atatoka."

Nikatoka. Wafula amekuwa mzee wa mvi, mnene kidogo, na alikuwa ameshika kofia mkononi. Alikuwa hanikumbuki. Wanawake waliacha kupukuchua. Nikalisema tena, lote, mchoro, kiti, kamba, mvua ya Jumapili, na kwamba nilikuwa nimesimama pale alipouliza, na nikanyamaza.

"Sema kwa sauti," Wafula akasema. "Hao mama wa nyuma hawajasikia."

Nikasema mara ya tatu, kwa sauti. Maneno yalitoka yote. Walipoelewa, mmoja akapiga kofi mdomoni, na mwingine akaanza kulia kimya kimya. Wafula alikuwa anatazama upande wa migomba, mahali palipokuwa na udongo mpya mwekundu na shada la maua ya plastiki. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Miaka mitano nilikuwa nimeandaa majibu ya kila hasira anayoweza kuwa nayo mtu.

"Miaka hii yote nilikuwa nampita huyo mtoto hapa uani," alisema. "Ananiamkia, naitika kidogo." Akaivaa kofia, kisha akaivua. "Sasa hiyo neno yako nitaipeleka kwa nani?"

Aliuliza kweli. Alikuwa ananitazama akingoja nimjibu, na wanawake wote walikuwa wananitazama pia.